Msumeno wa Baba

Nyumbani kwetu miparachichi ilikuwa inakufa kwa foleni. Ulianza wa getini, ukafuata jirani yake, hivyo hivyo kuja nyumbani. Majani yalikauka lakini hayakudondoka. Yalinong'ona hata pasipo upepo. Mimi ni mtu mzima, nina watoto, lakini nilikuwa naogopa kwenda kuanika nguo.

Ulibaki mmoja mzima, ule wa dirishani kwa Mama. Baba aliupanda nilipozaliwa.

"Ni baba yako," Mama aliniambia. "Tangu tumzike, kila mti ninaoupogoa unakufa. Anaichukua miti yake."

"Basi huu usiupogoe."

"Na tawi linavyogonga dirisha? Nalala mimi?"

Nikamwita jirani yetu, anayefanya kazi maabara ya magonjwa ya mimea. Alibandua gome la mti uliokauka. Ndani palikuwa na rangi ya kahawia, imeanzia pale tawi lilipokatwa. Alichukua vipande mpakani, pabovu panapokutana na pazima.

"Kwa nini hapo?" nikauliza.

"Palipokufa zamani vimeshaingia vijidudu wageni wengi. Hapa mwuaji bado anakula."

Kisha akamgeukia Mama. "Shikamoo yangu umeipokea, sasa nionyeshe unachokatia."

Mama akaleta msumeno wa Baba. Mpini ulikuwa mweusi kwa jasho la mikono yake. Meno yalishika unga wa mbao.

"Sijauosha tangu afe," Mama alisema. "Nikiushika, ni kama nimemshika mkono."

Jirani hakucheka. Alikwangua ule unga, akautia kwenye kimfuko chake, mbali na vile vipande vya mti.

Wiki nyingi baadaye alirudi na picha za visahani viwili vya kuoteshea vijidudu. Kimoja kilitiwa vipande vya mti, kingine unga wa msumeno. Vyote viliota manyoya yaleyale ya kijivu.

"Ni kuvu," alisema. "Tumeliangalia kwa darubini. Tumelinganisha vinasaba vyake na vya makuvu yanayojulikana. Halifanani na lolote. Ni jipya, halina hata jina. Tulipolitia kwenye miche mizima, ikakauka vilevile."

"Kwa hiyo si mume wangu?"

"Mama, marehemu hashiki msumeno."

Mama akaitazama mikono yake. Alilia, nami nikalia.

"Hukujua," jirani alimwambia taratibu. "Ukitoka mti mmoja, usiende mwingine kabla ya kuusafisha msumeno. Brashi na sabuni kwanza, kisha upanguse kwa spiriti. Miti iliyokufa ing'olewe, ichomwe."

Mama aliuosha mwenyewe, meno na mpini. Maji yalitoka meusi. Ndipo akalikata lile tawi la dirishani.

Msimu huu mti huo umezaa mpaka matawi yameinama. Jirani alipokuja kuchukua fungu lake, alituambia kuvu lile linatafutiwa jina.

"Pendekeza wewe, Mama."

"Lipeni jina lolote," Mama alisema, huku akimchagulia parachichi kubwa. "Ila jina la mume wangu msilitumie. Yeye alikuwa anapanda."