Sauti za Waliosimama Uwanjani

Kifufuasauti kiliwaka, na nyuzi zake za mwanga, nyembamba kuliko unywele, zikaanza kutambaa juu ya boriti nyeusi ya mwaloni. Mara maabara nzima ya Dodoma ikajaa sauti ya kijana aliyekufa zaidi ya karne nne zilizopita. Alikuwa akiigiza malkia. Alitamka Kiingereza cha zamani taratibu, na kila alipovuta pumzi ungedhani amesimama pale mlangoni.

Dkt. Sifuni Shekue alisikiliza akiwa amefumba macho. Chombo hicho alikibuni yeye, na hapakuwa na kingine duniani. Ndiyo maana boriti ilisafirishwa kutoka London hadi kwake. Zamani boriti hiyo ilikaa juu ya jukwaa, katika jumba la maonyesho la mbao lililoachwa wazi katikati, ambamo michezo ilichezwa mchana kwa nuru ya jua. Wenye uwezo waliketi ghorofani. Wengine walisimama uwanjani, wakitafuna njugu na kubishana. Wanawake hawakuruhusiwa kuigiza, kwa hiyo hata malkia alikuwa kijana wa kiume aliyevikwa gauni. Boriti ilikuwa imetoka kupakwa rangi ya mafuta siku ya onyesho, na rangi ilipokuwa ikikauka, kila sauti iliitikisa kidogo. Mitikisiko ile ikaganda. Kifufuasauti kiliisoma na kuigeuza kuwa sauti tena.

Kasoro yake ilikuwa moja, na Sifuni hakuwahi kupata dawa yake: mwanga uliosoma rangi uliiunguza. Kila kipande kilisomeka mara moja tu.

Boriti ililetwa na Profesa Harriet Pell, aliyetumia maisha yake yote kusoma tamthilia za zama hizo. Kiswahili alijifunzia Unguja na alikizungumza vizuri. Alikuwa amemweleza Sifuni kwamba mchezo huu haukubaki katika karatasi yoyote, na kwamba kabla ya boriti kufukuliwa matopeni hakuna aliyejua kuwa uliwahi kuwapo. Ulimhusu malkia aliyeamua kuliachia taji badala ya kuwapeleka raia wake vitani. Sasa kilibaki kipande kidogo cha rangi, upana wa kidole, na ndani yake maneno ya mwisho ya malkia.

Tangu mwanzo Sifuni alikuwa ameweka chujio katika mwanga wenyewe, lililokusanya sauti za jukwaani na kutupa kelele za umati. Hakuna aliyeona ubaya wake. Lakini asubuhi hiyo, alipokuwa akikagua rekodi ya kipande cha jana yake, alikuta sauti iliyoponyoka kwenye chujio. Ilikuwa ya mwanamke wa uwanjani akimnong'oneza mtoto, akimweleza kwamba malkia hana hasira naye, ana huzuni tu.

Sifuni aliusikiliza mnong'ono ule mara nyingi. Mama yake, Bi Nyamizi, alikuwa mwigizaji wa jukwaani kule Tabora, na Sifuni alikulia nyuma ya mapazia akisikia watu wakicheka, wakiguna, wakimjibu mama yake kutoka kwenye viti. Alijua kwamba bila watu hao onyesho ni mazoezi tu. Sasa akatambua alichokifanya. Katika kila kipande alichosoma, umati kama ule ulikuwapo, na yeye aliuunguza wote. Hakuna chombo ambacho kingewarudisha. Alikaa chini mbele ya boriti.

Profesa alipoingia, Sifuni hakugeuka.

"Profesa, nataka kuliondoa chujio."

"Ukiliondoa, maneno yanaweza kumezwa na kelele," alisema Profesa. "Na maneno hayo hayapo popote pengine, Daktari."

"Na wale watu nao hawapo popote pengine."

Profesa aliigusa boriti kwa ncha ya kidole. Akasema chombo ni cha Sifuni, na uamuzi uwe wake.

Sifuni akawasha mwanga. Kelele zikafurika chumbani kama mvua juu ya bati: vikohozi, maganda ya njugu yakivunjika chini ya viatu, mtu akimwita mwenzake. Sauti ya malkia ikapanda, ikadhoofika, ikazama. Profesa akafunika uso kwa viganja.

Kisha umati ukatulia. Mtu mmoja akaanza kusema pamoja na malkia, halafu wengine, halafu mamia. Walikuwa wameshauona mchezo huo na maneno waliyajua kwa moyo. Yaliyokuwa yamezama katika kinywa kimoja yakatoka wazi katika vinywa vya wote: "Taji halikunielemea kichwa. Lilinifunika masikio. Sasa nalivua, niwasikie."

Mwanga ukazimika. Boriti ilikuwa imemalizika.

"Nimewafundisha wanafunzi wangu," Profesa alisema polepole, "kwamba watu wa uwanjani walikuja kupiga kelele."

Taarifa ya Sifuni ilianza na yale aliyoyaunguza, kabla ya kueleza aliyoyaokoa. Wako walioona amejishusha bure, lakini hakufuta hata sentensi. Kisha akaufasiri mchezo kwa Kiswahili, na mwaka uliofuata ukachezwa Dodoma, mchana, katika uwanja wa wazi. Malkia alikuwa Bi Nyamizi. Watu walikuja kutoka nchi nyingi, London ikiwemo, kuusikia kwa lugha hii kabla ya kuigizwa upya kwa nyingine yoyote.

Sifuni hakuketi na wageni wa heshima. Alisimama chini, katikati ya watu, akimtazama mama yake akifikia maneno ya mwisho, akilivua taji na kuliweka sakafuni. Baada ya hapo Bi Nyamizi hakuondoka jukwaani. Aliinamisha kichwa kidogo upande mmoja, akasubiri.

Mahali fulani nyuma sauti nzito ikasema, "Tupo, mama." Nyingine zikaitika, ya Sifuni ikiwa miongoni mwazo.