Himaya ya Nakhla Mkalimani

Lakiri haikukauka. Siku ya saba tangu aimwage, Nakhla Sabbag aliigusa kwa ncha ya kidole, pale mlangoni pa chumba alichofia Hawaja Brenner, ikabonyea kama unga wa mkate ulioumuka. Kwa kawaida lakiri, nta ya kupigia mihuri, hukauka kabla hujamaliza kupiga chafya. Nakhla alikuwa amepiga mihuri ya konseli, mwakilishi wa nchi ya kigeni, kwenye milango ya Iskandaria kwa miaka kumi na minne, hakuna wa kumfundisha kazi hiyo. Hii ilikuwa laini, tena ilikuwa na joto la paji la uso wa mtoto mwenye homa. Alinusa kidole chake. Kilinuka nywele zilizoungua.

Alijifuta kwenye suruali akaenda zake. Konseli hakuwa akimlipa kwa kufikiri.

Mgeni akifa Misri, polisi wa nchi hawaruhusiwi hata kukanyaga kizingiti chake. Kitanda chake, viatu vyake, hata paka wake huwa mikononi mwa konseli wa kwao mpaka ndugu zake ng'ambo waandikiwe barua. Brenner, mnunuzi wa pamba aliyeitwa Hawaja kama wanavyoitwa mabwana wote wa kigeni, alikuwa ameishi miaka sita na Tafida binti Asran, aliyemwoa kwa karatasi ya shehe. Karatasi ya shehe, kwa konseli, ilifaa kufungia jibini. Basi Tafida akatolewa nje na kitoto chake Yahya begani, na aliyemtoa kwa kumshika mkono ni Nakhla.

Kosa lenyewe lilifanyika siku hiyohiyo. Iskandaria nzima, awe Mwislamu, Mkristo au Myahudi, hakuna mtu anayemwaga kitu cha moto kizingitini bila kutaka ruhusa kwa wenyeji wa chini, wale tusiowaona, asije akawaunguzia watoto. Maneno yenyewe ni mawili matatu tu: kwa ruhusa yenu. Mama yake Nakhla hakumwaga hata maji ya kuchemshia mayai bila kuyasema. Lakini siku ile konseli alikuwa amesimama nyuma yake na saa mkononi, na Nakhla, aliyevaa tai, aliona haya kusikika akinong'ona maneno ya wauza maharage. Akayeyusha lakiri kimyakimya. Matone matatu makubwa yakaanguka kizingitini.

"Omba ruhusa, bwana mkalimani!" Tafida alipaza sauti kutoka ngazini. "Wana watoto hapo!"

"Hebu nyamaza, mwanamke. Hii ni kazi ya serikali."

Chini ya ubao wa kizingiti kitu kidogo kililia, mara moja tu, kilio chembamba. Nakhla alijiambia ni paka wa marehemu.

Siku ya nane, saa za mchana ambazo mji mzima hufunga madirisha na kulala, Labiba aliamka akipiga mayowe. Alikuwa na miaka saba, mtoto pekee wa Nakhla aliyebaki baada ya watatu kuzikwa, na baba yake alimpenda kwa woga, kama watu wanavyopenda kitu kilichosalia. Wadida, mama yake, alimfungua gauni. Kifuani palikuwa na doa jekundu la mviringo, ukingo wake una meno meno, na katikati tai mwenye vichwa viwili. Nakhla hakuhitaji kusogea karibu. Muhuri ule alikuwa nao mfukoni.

Daktari alisema ni upele. Padri alinyunyiza maji, yakachemka juu ya ngozi ya mtoto. Na kila siku jua lilipofika kichwani doa lilizidi kuzama, na nyumba ilijaa harufu ya lakiri iliyoyeyuka, ikianzia jikoni, ikipita ukumbini polepole kama mtu anayehesabu milango, ikisimama penye kitanda, na ndipo mtoto alipokaza mgongo na kuanza kulia, si kwa sauti yake bali kwa kile kilio chembamba cha chini ya ubao, ambacho Nakhla alikitambua na akashindwa kumwambia mkewe kwamba anakitambua.

"Nenda kwa Zannuba," Wadida alinong'ona. "Hata kama ni mganga wa ngoma. Hata kama konseli atacheka. Nenda, baba Labiba, nakubusu miguu."

Bi Zannuba alikuja na ubani, tari na kikohozi. Mwanamke mnene, mkavu wa maneno. Alifukiza, akapiga tari taratibu pembeni ya kitanda, na haikuchukua muda midomo ya Labiba ikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima, ya kiume, mpole sana.

"Mwanangu wa kike aliungua. Amekufa."

"Mungu akupe subira, bwana wangu," alisema Zannuba. "Unataka nini kwa huyu?"

"Nilikwenda kwa kadhi wetu. Kadhi kasema aliyemwunguza ana himaya ya konseli, hashikiki kwa sheria ya nchi, si ya juu wala ya chini. Nimepeleka shauri kwa konseli. Konseli hanisikii. Basi nakaa humu, nangoja kesi yangu."

Zannuba aliacha kupiga tari. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwe! Hata majini wanakwama kwa konseli!" Kisha akamgeukia Nakhla na hakuwa akicheka tena. "Unayo kweli hiyo karatasi?"

Alikuwa nayo, ndani ya fremu ya kioo, juu ya kochi. Ilisema kwamba Nakhla Sabbag, ingawa mzaliwa wa Sidoni, yuko chini ya ulinzi wa nchi ya konseli. Kwa karatasi ile mtoza kodi hakubisha hodi kwake. Kwa karatasi ile askari hawakuweza kumlaza chini wakamchapa viboko vya nyayo, kama walivyomchapa baba yake sokoni mbele ya wateja.

"Ichane," alisema Zannuba. "Ichane hapa mbele yake, uwe mtu wa nchi kama sisi. Umwombe radhi kwa mdomo wako. Hawa ni waungwana, wanasamehe aliyekosea bila kukusudia. Mtoto atapona kabla ya alasiri."

"Ichane!" alilia Wadida. Alikuwa tayari amepanda juu ya kochi.

Nakhla alimvuta mkono akamshusha. Mimi simwonei huruma kwa kilichofuata, na msomaji asijisumbue kumtafutia sababu. Alimtazama bintiye, akaitazama fremu, akataka vyote viwili.

"Bwana wangu," alisema kwa ile sauti yake ya ofisini, "mwenye nyumba ile hakuwa mimi. Mimi nilikuwa mkono tu. Mwenyeji alikuwa Tafida. Ni juu ya mwenye nyumba kuwatakia ruhusa wageni wake. Alikuwa palepale ngazini na hakusema neno."

"Nakhla!" alisema Zannuba. "Funga mdomo wako!"

"Tafida binti Asran," ilisema sauti. "Aliyekuwa akituwekea sukari pembeni. Hakusema neno?"

"Hakusema."

"Unatoa ushahidi?"

"Natoa."

"Ana himaya?"

"Hana."

"Ana mtoto?"

Nje, muuza maji alipita akigonganisha vikombe vyake vya shaba. Nakhla alingoja mpaka mlio ukaishia pembeni mwa mtaa.

"Anaye," alisema.

Labiba alivuta pumzi ndefu akalala. Doa lilififia mbele ya macho yao kama maji yanayokauka kwenye jiwe. Zannuba alikusanya ubani wake ukiwa bado unawaka, akakataa malipo, akatema mate kizingitini alipotoka.

Yahya alikufa siku iliyofuata, adhuhuri, kwenye chumba cha kupanga alichohamia mama yake. Zannuba ndiye aliyemweleza Tafida kisa chote. Tafida alikwenda polisi na shuka la mtoto mkononi. Polisi wakamwambia, kwa huruma ya kweli, kwamba Nakhla Sabbag ni mtu wa himaya, na mashtaka yake yapelekwe kwa konseli.

Akaenda kwa konseli. Na kwa kuwa konseli hakujua Kiarabu, aliitwa mkalimani wa ofisi, naye hakuwa mwingine ila Nakhla.

Tafida alimwona akiingia na tai yake. Akashika ukingo wa meza, akasema yote, akimtazama konseli tu.

"Mtu huyu amemuua mwanangu. Nilimwambia aombe ruhusa, akaninyamazisha. Halafu akasimama mbele ya mwenye haki akatoa ushahidi wa uongo, ili alipe mwanangu badala ya bintiye. Mwanangu alikuwa na miezi kumi na moja. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika mtungi. Sitaki nyumba wala pamba. Nataka iandikwe kwamba nilisema neno, na kwamba yeye alilisikia."

Konseli alichovya kalamu. "Anasemaje?"

"Anakiri kwamba hana dai lolote katika mali ya marehemu," alisema Nakhla. "Na anashukuru."

Konseli aliandika. Tafida, asiyejua lugha ile, alipoona kalamu ikitembea alidhani ni maneno yake yanaandikwa, akalia kwa faraja. Akabonyeza kidole gumba alipoonyeshwa, akakibusu kile kidole chenye wino, akatoka.

Nakhla alirudi nyumbani mchana. Labiba alikuwa amekaa mezani, mashavu yamejaa, anakula zabibu. Tangu apone hakuwa amesema hata neno moja, na mama yake aliamini ni uchovu. Alimwona baba yake mlangoni, akaweka zabibu chini, akafungua mdomo. Alianza kusema kwa lugha ya konseli, ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha, kwa ufasaha, bila kukosea popote: mtu huyu amemuua mwanangu, nilimwambia aombe ruhusa, yote, mpaka mtungi, mpaka neno la mwisho.

Hana maneno mengine siku hizi. Hulisema shauri lile kila mchana, mji unapolala, na Wadida, asiyejua lugha ile, hudhani mtoto anasali. Akimaliza humsukumia baba yake kalamu na karatasi, humtazama, na kumwuliza:

"Umeandika?"

Nakhla akisema hapana, huanza tena. Akisema ndiyo, mtoto hukunja mikono juu ya meza na kusema, kwa upole sana:

"Basi nisomee."