Zamu ya Alhamisi

Kila asubuhi kabla ya shule nilichota maji, nikafagia ua, nikawafungulia kuku. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo usiotulia. Tuliishi Mulanda, si mbali na mpaka wa Kenya, enzi za utawala wa kijeshi, wakati chumvi ilipokuwa adimu na watu wazima wakiongea kwa kunong'ona.

Mwaka huo baba yangu, Obbo, alikamatwa Busia akiwa na pakiti mbili za chumvi ya magendo kutoka upande wa Kenya. Alifungiwa katika kambi ya jeshi wiki tatu. Mchungaji wetu, Oundo, alikwenda huko kwa baiskeli mara nyingi kumwombea aachiliwe, mpaka wakamwachilia. Huku nyuma watu wa ushirika, kikundi chetu cha maombi kanisani, walitupalilia karanga na kutuletea wimbi. Hatukulala njaa hata siku moja.

Kisha mchungaji mwenyewe akashikwa na malaria. Mkewe alikuwa amekwama upande wa Kenya kwa sababu mpaka ulikuwa umefungwa. Basi ushirika ukapanga zamu za kumpelekea maji na chakula. Yetu ilikuwa Alhamisi.

"Mpelekee uji huu ungali moto," mama aliniambia akinitwika debe la maji. "Mwambie tunashukuru sana."

Njiani nilikutana na Amulen, rafiki yangu wa darasani.

"We Apendi! Usiende kwa mchungaji!" alinong'ona. "Jana gari la wanajeshi lilisimama pale. Anayeingia anaandikwa jina."

Je, wakimkamata baba tena kwa ajili yangu? Nikamwaga maji kichakani. Uji tukaunywa sisi wawili, na ulikuwa mtamu, sitadanganya.

"Mchungaji amesemaje?" mama aliuliza niliporudi.

"Ameshukuru sana," nikajibu bila kupepesa macho.

Ijumaa alasiri ushirika ulikutana nyumbani kwetu. Desturi yao ilikuwa kwamba mwenye jambo moyoni husimama na kulisema mbele ya wote, hata kama linamwaibisha. Jirani yetu Mama Anyango, ambaye zamu ya siku hiyo ilikuwa yake, alisimama kwa hasira.

"Bwana asifiwe, ndugu. Leo nimemkuta mchungaji midomo imemkauka. Tangu juzi hakuletewa maji. Vidonge amevimeza kwa mate!"

Kila mmoja alijua Alhamisi ni ya nani. Baba akasimama taratibu, kofia mkononi.

"Zamu ilikuwa yangu," alisema. "Mtu aliyenitoa kambini nimemwacha na kiu. Kosa ni langu, naomba..."

Jamani, sikuweza kuvumilia. "Si baba! Ni mimi!" Nikaeleza yote, gari, uji na uongo, huku nikilia mpaka kamasi zikanitoka. Nilingoja kofi. Badala yake Mama Anyango alinikumbatia, na wenzake wakaanza kuimba, kama walivyofanya kila mtu alipotubu. Walipomaliza, baba akanishika mkono.

"Twende ukamwambie mwenyewe."

Tulimkuta mchungaji amelala kwenye mkeka, amekonda. Nilimweleza nikiangalia chini. Akamgeukia baba.

"Obbo, hata mimi kuna jambo nimekuficha. Siku ya kwanza nilipokwenda kambini niliona bunduki langoni, nikageuza baiskeli. Nilimwambia mkeo kwamba askari wamenikatalia. Hawakunikatalia. Sikuwauliza kitu. Ulikaa mle siku nzima zaidi kwa sababu ya woga wangu."

Mchungaji akanitazama.

"Mwanangu, kesho yake nilimweleza Mama Anyango, naye akanisindikiza mpaka lile lango. Ndiyo sababu tuna ushirika. Kuogopa si dhambi, lakini ukiogopa, sema. Mtu atakwenda nawe. Ukificha woga kwa uongo, mwenzako anabaki na kiu huku wewe unadai ameshukuru."

Nilijuta, tena sana. Nikamtazama baba, nikiogopa kwamba atamkasirikia mtu aliyetusaidia kuliko wote.

Baba alichota maji kikombe kimoja. Akapiga magoti, akamwinua mchungaji kichwa.

"Kunywa, ndugu yangu," alisema. "Uliogopa, lakini ulirudi. Na huyu binti yangu naye amerudi."