Picha Kumi na Mbili za Kwanza

Mikono miwili ilishika kamera moja. Katikati ya soko la mitumba, baina ya redio mbovu na saa za ukutani, fundi wa kamera alikuwa ameshaona kuvu ndani ya lenzi. Mwanamume wa shati la kitani, kamera ya dijitali ikining'inia kifuani, alikuwa ameona urembo tu.

"Niachie, dada. Nimeipenda."

"Unapenda mgonjwa. Lenzi ina kuvu."

"Basi niuguzie."

Muuzaji akasema filamu imo ndani, ni zawadi. Mwanamume akanunua, na palepale fundi akaichomoa lenzi, akaifunga kitambaani, akaenda nayo dukani kwake. Baada ya siku tatu aliirudisha ikiwa haina doa.

Ukafuata mwezi wa simu na utani. Fundi alimwita Dijitali. Mwanamume akamwita daktari. Kila jioni alifika dukani ananukia sabuni, akampiga picha kwa kamera ile kuukuu huku fundi ameinamia skrubu zake. Fundi alifurahi kwa tahadhari. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mchumba wake wa kwanza alikuwa amemficha kwa miaka miwili kwamba ana mke.

Filamu ilipokwisha, fundi aliisafisha mwenyewe. Picha kumi na mbili za kwanza zilikuwa za mwanamke kitandani, gauni la kulalia limemteleza begani, mtoto akimvuta nywele. Alikuwa anamchekea mpiga picha, kicheko cha mtu aliye kwake.

Akapiga simu.

"Dijitali, mkeo mzuri."

"Mke gani, mpenzi?"

"Wa kwenye filamu yako. Na mtoto wenu."

"Simjui. Labda zilikuwemo tangu sokoni."

"Ulipoanza kupiga, namba ya juu ya kamera ilikuwa ngapi?"

"Kumi na mbili. Nikajua zimebaki kumi na mbili, kama kwenye kamera yangu. Nikashangaa mbona haziishi."

"Kamera ya zamani huhesabu zilizopigwa. Mpiga picha mzima hujui hilo? Tafuta uongo mwingine, huo umechakaa."

Akakata. Simu ililia mara tisa, hakupokea.

Asubuhi aliutandaza ukanda wa filamu juu ya taa, akashika kioo cha kukuzia. Katika zile kumi na mbili, mwanga wa dirisha ulikuwa umetapakaa kama maziwa, na kwenye pembe ileile palikuwa na nyuzi za kuvu. Kuanzia ya kumi na tatu, kila kitu kilikuwa kikali, wazi. Lenzi ilitoka kwa muuzaji ikaja kwake. Dijitali hakuwahi kupiga hata picha moja ikiwa chafu.

"Ulisema kweli," alimwambia kwenye simu. "Nimekagua."

"Umenikagua mimi?"

"Lenzi. Zile zilipigwa kabla sijaitoa kuvu."

"Na kama ingekuwa safi tangu mwanzo?"

Angeweza kudanganya.

"Nisingekupigia."

Alisikia magari upande wa pili.

"Unaumiza, daktari. Ila husemi uongo," Dijitali alisema. "Jumapili nakuja na mama. Muulize kama nina mke. Ukimaliza, naye ana swali lake: kama utakubali awe mama mkwe wako."

Fundi akakaa kitini.

"Mwambie aje," alisema. "Lakini nitamuuliza peke yake. Wewe utasubiri nje."