Giaboksi Mbovu ya Gereji ya Avtar

Kufuli la stoo lilikuwa zima. Giaboksi ya pikapu ya mteja ndiyo haikuwepo.

Inspekta Jelagat wa polisi Kitale alichuchumaa. Doa la oili lilikuwa limekauka sakafuni. Kando yake palikuwa na giaboksi nyingine, mpya, haijaguswa.

"Funguo anazo nani?"

"Mimi na mlinzi, Wahome," alijibu Avtar, mwenye gereji. "Wenzako wameshamweka ndani."

"Iliyoibwa ilikuwa na ubaya gani?"

"Gia ya pili inachomoka gari likiteremka."

"Mwizi wa kuuza angebeba hii mpya. Huyu alitaka mbovu. Nani aliiulizia?"

Avtar alikuna ndevu. "Jentrix, mwanafunzi wangu. Nilimwambia giaboksi si kazi yake, aoshe vyuma."

"Ameosha kwa muda gani?"

"Miaka miwili."

"Yuko wapi?"

"Aliomba ruhusa, ati shangazi yake mgonjwa. Kwao ni Bungoma, hapo Kimilili."

Waliondoka pamoja kwenda Kimilili, Avtar akaitambue giaboksi.

Walimkuta nyuma ya jiko la shangazi, gia zimepangwa juu ya gunia, mikono myeusi kwa oili. Hakukimbia.

"Ni mimi, afande. Niliitoa mchana, stoo ikiwa wazi, ndani ya pipa la kuoshea vyuma. Wahome hata alinisaidia kusukuma mkokoteni. Hakujua."

"Wahome yuko seli."

Jentrix aliketi chini ghafla. "Si yeye. Tafadhali mtoeni. Nifungeni mimi."

"Uliichukua ya nini?"

"Nataka kuwa fundi. Kila wakifungua giaboksi natumwa chai. Hii ilikuwa mbovu tayari, nikaona hata nikikosea si hasara sana. Ningeirudisha."

Jelagat alipiga simu kituoni, Wahome aachiliwe. Avtar alikuwa ameinama juu ya gunia.

"Umeona nini?" Avtar alimuuliza Jentrix.

"Huu uma unaosukuma gia. Umelika upande mmoja."

Avtar aliugeuza. "Umelika, kweli. Lakini ubaya haukuanzia hapa. Pitisha kidole kwenye haya meno ya gia. Yamekuwa butu, ndiyo maana gia haishiki, inaurudisha uma nyuma."

Jentrix alipitisha kidole, polepole.

"Mzee, unashtaki?" Jelagat aliuliza.

"Hapana. Ataenda kwa Wahome kwanza, aombe msamaha. Halafu hii ataifunga yeye mwenyewe, mimi nikiwa kando."

"Hayo utayasema kituoni. Na yeye ataandika taarifa."

"Nitaandika yote," Jentrix alisema, akifuta machozi kwa kiwiko, kwa sababu viganja vilikuwa vimejaa oili.