Joho Lililoshonwa Mapema

Je, umewahi kuona joho la jaji likishonwa kabla jaji mwenyewe hajachaguliwa? Binti wa fundi cherehani aliliona, tena alilipiga pindo kwa mkono wake mwenyewe.

Kila alasiri akitoka shule, alikaa kwenye kigoda kando ya mama yake, akikata nyuzi na kushona vifungo. Kwa maswali yake yasiyoisha, wateja walimwita Kiherehere.

Jumatatu moja aliingia dereva wa tume inayochagua majaji, ameshika karatasi ya vipimo. "Fundi, joho la jaji wa Mahakama ya Rufani, kola nyekundu. Mzee analitaka Ijumaa. Jina lake hilo hapo."

"Kwani ameshachaguliwa?"

Dereva akacheka. "Kazi ni yake, mama. Usaili ni wa kutimiza tu."

Alipotoka, binti aliruka kigodani. "Mama! Redio imesema watu tisa watasailiwa wiki ijayo. Mwenye neno juu yao alipeleke kwa tume kabla ya hapo!"

"Kiherehere, shona. Mimi napima mabega, sipimi majaji."

"Na hakimu wa mtaa wetu naye ameomba. Si ndiye aliyekurudishia kibanda hiki bila kutaka hata soda?"

Mama aliandika jina, vipimo na tarehe daftarini, akachukua kitambaa. Siku hiyo mkasi wake ulikwenda pogo.

Usaili ukapita, jina likatangazwa: lile lile la kwenye karatasi. Mama alisimamisha cherehani, akaisahau pasi mpaka ikaunguza sketi ya mteja.

Kesho yake alifunga kibanda, akamshika binti mkono, wakaenda kwa mwenyekiti wa tume. Mwenyekiti, bibi mmoja mwenye miwani, aliisoma tarehe daftarini mara mbili.

"Fundi, mbona hukuja kabla ya usaili?"

"Niliogopa kupoteza wateja, bibi."

Kuapishwa kukasimamishwa. Waliompa yule mzee ahadi waliitwa wajieleze mbele ya watu. Usaili ukarudiwa, na safari hii alama za kila mwombaji zikabandikwa mlangoni.

Mama na binti walikwenda kusoma. Aliyeongoza alistahili, kila mtu alisema hivyo. Lakini jina la hakimu wa mtaa wao halikuwemo. Aliposhindwa mara ya kwanza alivunjika moyo, akaacha kazi, akahamia mbali pamoja na wanawe.

Binti alipitisha kidole kwenye orodha tena, juu mpaka chini. Mama akamvuta pembeni, akachutama wakatazamana.

"Mwanangu, jaji anaamua mambo ya watu, basi achaguliwe watu wakiona, na wanaomchagua waulizwe. Mimi niliona, nikanyamaza. Siku ile ulipouliza, nilitaka kukuambia, 'Umesema kweli, inuka twende sasa hivi.' Badala yake nikachukua mkasi. Nisamehe, mama."