Mlango wa Chumba cha Jedidah

Duka la vifaa vya simu karibu na steji ya Migori lilijaa watu, na Nashon alikuwa akiwapigia kelele wote. Alivaa shati jeupe lililobana kitambi, viatu vilivyochongoka kama mdomo wa korongo, na saa kubwa ya dhahabu bandia ambayo haikuwa ikienda.

"Nipe rauta kubwa kuliko hii yangu," alimwambia Omwenga, mwenye duka. "Nataka mtandao ufike mpaka simba yangu, nyumba yangu ndogo huko nyuma ya kwa mama."

Mwanamke aliyesimama kando yake alicheka kwa pua. Alikuwa na suruali ya kazi, kilemba chekundu, na msokoto wa waya begani.

"Ng'ombe wako hafiki kisimani, sasa unataka kununua mwingine mnene zaidi," alisema.

"Madam, nimekuuliza?"

"Hujaniuliza, ndiyo maana unapotea. Rauta yako iache pale ilipo. Nunua hivi vidude vitatu vya meshi. Cha kwanza unakifunga kwa rauta na waya. Hivyo vingine vinapokezana mtandao, kama watu wanaopitishana ndoo ya maji mpaka nyuma ya nyumba. Nikuje nifunge?"

"Mimi ndiye nauza magodoro Homa Bay nzima. Nitashindwa na vidude?"

"Kuuza magodoro kunafundisha kulala tu."

Duka zima lilicheka. Nashon alinunua vidude, na kwa sababu mwanamume wa aina yake hupenda anayemdharau, akaomba namba ya simu pia. Mwanamke aliitwa Nyangi, Mkuria wa Isebania, fundi wa mtandao pale Migori. Alimpa namba. Kwa nini, hata yeye hakujua. Labda ni kwa vile Nashon alipochekwa, hakutukana.

Basi wakaanza kupigiana WhatsApp kila jioni.

"Meshi imeshika, fundi wangu?" Nyangi alimtania.

"Imeshika nyumba yote, jaber, mrembo wangu. Hata kuku wanashika."

"Umeweka mwenyewe?"

"Kwani mikono yangu ni ya mapambo?"

Mikono yake ilikuwa ya mapambo. Mtandao ulikuwa ukiishia mlango wa nyuma kama zamani. Nashon alianza kila simu sebuleni kwa mama yake, mjane aliyeitwa Jedidah. Mazungumzo yalipokolea alitoka, akavuka ua kwenda simba, ile nyumba ndogo ya mwana wa kiume, ili mama asisikie. Katikati ya ua, simu ilikatika. Na ilikatika daima pale Nyangi alipouliza swali lake moja: "Nashon, mimi ni nani kwako?"

Angeweza kusema ukweli. Lakini aliona heri aitwe mwongo kuliko kuitwa mjinga. Asubuhi alisema, "Nililala."

Nyangi alishawahi kuzungushwa na mwanamume mwingine mpaka marafiki zake wote wakaolewa wakamwacha. Hakukusudia kuzungushwa tena na muuza magodoro.

"Kuna mwanamke huko simba," alimwambia. "Ukikaribia mlango unanikatia."

"Ni mtandao, mpenzi."

"Ulisema hata kuku wanashika."

Nashon akaanza kumweleza habari za kuku.

"Kesho nakuja. Nikikuta hata kandambili ya mtu, usinijue tena."

Alikuja. Ndani ya simba hakukuta mwanamke. Alikuta magodoro yamerundikwa hadi dari, na kitanda kimoja cha mtu mpweke. Kisha akaingia sebuleni. Vidude vitatu vilipangwa juu ya kabati la runinga kama vikombe vya mashindano, kila kimoja kimevishwa kitambaa cha kufuma.

"Nashon," alisema polepole. "Umevivisha nguo."

"Vumbi ni mingi."

Jedidah alimkagua mgeni kuanzia kilemba mpaka suruali. "Huyu ndiye? Nilidhani ni mtu wa stima."

Nyangi aliinamisha kichwa, akaanza kazi. Kidude cha kwanza alikifunga kwa waya kwenye rauta ya zamani. Cha tatu alikitenga kwa ajili ya simba. Cha pili akakishika mkononi.

"Hiki kinakaa katikati, mahali mtandao bado uko. Dirisha gani linatazama simba?"

"Moja tu. La chumba ya mama," alisema Nashon. "Ingia uweke."

Nyangi alifuata ukumbi mpaka mlangoni, akasimama.

"Siingii."

Huyu ni mtu aliyetambaa chini ya vitanda vya mapasta na vya walevi akivuta waya bila haya.

"Kwa watu wote unaingia," Nashon alisema. "Kwa mama yangu unaona uchafu?"

"Weka wewe, basi."

"Mwanamume mzima niingie chumba ya mama?"

"Umejijibu."

Hakuwa amejijibu. Kichwa kile hakikuwa cha kujijibu. "Kama ni kiburi, beba waya zako urudi Migori."

Nyangi alianza kukunja waya, polepole, bila kumtazama. Jedidah akainuka kitini.

"Nashon, na ubongo pia uliuza? Fundi huingia chumba ya kila mtu. Kwa mila, asiyeingia chumba ya mama mkwe ni bibi ya mtoto. Huyu amejihesabu bibi yako hapo mlangoni, na wewe unamfukuza." Akanyoosha mkono. "Nyathina, mtoto wangu, leta hicho kitu."

Jedidah aliingia nacho. Nyangi alibaki nje, amegeuza uso.

"Dirishani, mama. Isiwe nyuma ya kioo cha kujitazamia."

"Taa imekuwa bluu."

"Iache hapo. Na usiivishe kitambaa."

Kidude cha mwisho kilipowaka kule simba, Nyangi alirudi sebuleni, akampigia Nashon simu, spika ikiwa wazi.

"Tembea. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Pita ua. Ingia ndani. Bado?"

"Niko ndani. Nakusikia sana."

"Basi lile swali langu. Mimi ni nani kwako?"

Nashon aliitazama simu. Haikukatika. Akavua saa, akaivaa tena.

"Bibi yangu," alisema. "Kama watu wa Isebania watanikubali."

"Watakucheka kwanza."

"Kwa nini?"

"Viatu."

Jedidah aliinama karibu na simu.

"Na hiyo saa uiache nyumbani," alisema. "Haiendi."